Naomba ushauri: nile nini Lisbon bila nguruwe wala pombe?

Wakuu, habari zenu. Juni natarajia kuwa Lisbon kikazi, na jioni nitakuwa huru. Kwa bahati nitakuwepo usiku wa tarehe 12, mkesha wa Mtakatifu Antonio, ambapo dagaa wakubwa wanaochomwa mkaani huuzwa mitaani, hasa mtaa wa kale wa Alfama. Hapo sina wasiwasi.

Shida ni vyakula vingine. Situmii nguruwe, na Wareno humtia hadi kwenye supu: caldo verde ni sukumawiki na viazi, halafu vipande vya soseji juu! Mkiomba waiache, hukubali, au supu huwa imeshachemshwa nayo? Na vile vikeki vya maziwa na mayai, pastel de nata, unga wake hukandwa kwa siagi au mafuta ya nguruwe?

Chewa wa chumvi, bacalhau, nimeshaamua kumla à Brás, yaani na mayai na chipsi nyembamba. Mtaa wa Martim Moniz najua kuna vyakula vya halali, ila sisafiri kote huko kufuata biriani.

Na upishi wa kisasa je? Soko la vyakula la Mercado da Ribeira panafaa, au ni bei za watalii tu? Waliokaa huko nisaidieni.