Tigrex anachechemea, halafu timu inazimia: tupeane uzoefu

Kinoo
Wakuu, uzi huu ni wa Monster Hunter Freedom Unite, mchezo wa kuwinda madubwana kwenye PSP, ile mashine ya michezo ya mkononi. Tuzungumzie zile dakika za mwisho za kumwinda Tigrex, dubwana lenye mbio kali: kashaanza kuchechemea, timu imeshazimia mara 2, na bado misheni inaharibika. Inaharibikia wapi hasa?

Mimi nasema ni dawa ya kurudisha afya. Mhusika akinywa anasimama, anameza, kisha anatunisha misuli, na muda wote huo hawezi kukimbia wala kujiviringisha. Tigrex anafika kabla hajamaliza.

NyundoNzito
Kweli tupu. Kule kutunisha misuli kumezimisha watu wengi kuliko meno yake.

MkataMkia
Umenikumbusha mbali, mkuu. Timu karibu zote huanguka kwa mpangilio uleule.

Tigrex kakasirika, mishipa ya miguu ya mbele imeiva nyekundu. Anakuja mbio. Wa kwanza anamkwepa kwa kujiviringisha, anasimama akidhani yamekwisha. Hayajaisha: Tigrex akipita hugeuka na kurudi, na akiwa na hasira hurudi tena na tena. Anapigwa mgongoni. Wa pili yuko pembeni ananoa upanga, na ukishaanza kunoa huachii katikati, kwa hiyo naye anaoshwa. Wa tatu anaona mistari ya afya ya wenzake imeshuka, anatumia unga wa uhai unaoponya wote walio eneo hilo. Nia njema, lakini na wenyewe unamsimamisha. Tigrex anachota theluji kwa kucha na kurusha mabonge 3, moja linampata, anageuka sanamu la theluji: hashambulii, wala hatumii kitu mfukoni isipokuwa dawa ya kuondoa theluji. Mbio inayofuata inamaliza. Hesabu ya kuzimia ni ya timu nzima, si ya kila mtu, na ya 3 ikitimia mnarudi kijijini mikono mitupu.

Suluhisho: ukiona hasira, silaha irudi mgongoni kwanza. Kimbia ukiwa umempa kisogo, akikaribia bonyeza kitufe cha X. Mhusika anajitupa kifudifudi na mbio inapita juu yake bila kumdhuru. Silaha ikiwa mkononi hupati huo mruko, unapata kujiviringisha tu, ambako kinga yake ni ya kufumba na kufumbua. Kunywa na kunoa kafanyie eneo la jirani. Kuvuka mpaka wa eneo ni haraka kuliko kuzimia.

PakaWaJikoni
Ile ya sanamu la theluji 😭😭 ndiyo yenyewe hiyo.

MkukiNaNgao
Mbona hamtaji bomu la mwanga? Beba 5, ndiyo kikomo, pamoja na vimulimuli na maganda ya kutengenezea mengine hukohuko. Akigeuka kukutazama, rusha mbele ya uso. Mbio zinakatika palepale.

NyundoNzito
Ndugu, hapo tutagombana. Tigrex aliyepofuka hatulii. Anazungusha mwili na kung'ata hewa bila mpangilio, na sisi wa nyundo tunaotaka kichwa ndio tunaoumia. Akiwa anaona, unajua atakachofanya.

MkukiNaNgao
Basi subiri amalize kuzunguka, kaka. Wa upanga wakate mkia huku nyuma. Bomu si la nyundo peke yake.

MkataMkia
Wote mko sawa. Liwe la kuokoa mwenzenu aliyelala chini, si la kurusha kila dakika.

Kinoo
Na anapochechemea, mnaua au mnateka? Naona timu nyingi zinapoteza hapo kwa tamaa.

PakaWaJikoni
Teka. Anakimbilia kulala ili arudishe afya. Mfuate, tega mtego wa umeme karibu naye, akinasa rusha mabomu 2 ya ganzi. Kwisha. Ila asiyechechemea usimrushie, unapoteza.

NyundoNzito
Ukimteka humchuni. Wengine tunataka kuchuna mara 3.

PakaWaJikoni
Unalipwa zawadi za kuteka badala yake. Mkia kateni mapema, nao unachunwa peke yake. Nyundo haikati mkia, kwa hiyo hili ni la wenye makali.

UpangaMkubwa
Mkisisitiza kuua, msimwamshe kwa visu vidogo. Pigo la kwanza kwa mnyama aliyelala huzidishwa mara 3. Wote wakae pembeni, mmoja achaji upanga mkubwa hadi ngazi ya 3 na kuushusha kichwani.

Kimulimuli
Hamjagusa kamera. PSP ina kijiti kimoja tu. Kidole gumba cha kushoto kiendeshe kijiti, cha shahada kikunjwe juu ya vitufe vya mwelekeo ili kamera imfuate Tigrex huku unakimbia. Mwanzoni mkono unauma. Asiyeweza, agonge kitufe cha L kila anapobadili mwelekeo.

MkukiNaNgao
Na kinywaji cha moto: pilipili kali na mdudu mchungu. Ubaridi wa mlimani unafupisha mstari wa pumzi, na pumzi ikikata katikati ya mbio hata huo mruko wa kifudifudi haukufai.

NyundoNzito
Hilo sibishi. Ila bomu la mwanga bado nabisha.