Samaki gani hawang'oi mimea kwenye tanki?

Wakuu habari zenu, nina tanki la lita 100 hapa Dar, maji ya kisima magumu balaa, sabuni haitoi hata povu. Nilianza na goldifishi wawili wakala mimea yote, asubuhi nakuta vijani vinaelea tu juu, wife anacheka mpaka leo. Sasa nawaza valisneria, ule wa majani marefu kama utepe, pamoja na vile visamaki vya Ziwa Tanganyika vinavyoishi ndani ya makombe ya konokono, maana navyo vinapenda maji magumu, ila nasikia vinachimba mchanga sana, si vitang'oa tena jamani? Na konokono wale wanaojifukia mchangani niweke au watazaliana mpaka nikome? Au niweke tu gapi, vile visamaki vidogo vya mikia ya rangi?