Vanishi inakataa kushika kwenye spika nilizojitengenezea

Spika_Umoja: Hamjambo wadau. Nimejitengenezea spika mbili za inchi 12 hapa Umoja, kila boksi sm 60 kwa 45 kwa 40. Mbao ni mahogani safi. Nikipaka vanishi inajikunja na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Nimepaka mara tatu, nimepiga msasa mara tatu. Besi nayo ni hafifu, kama ya kuazima. Lazima ziwe tayari kabla ya Jumamosi. Nisaidieni.

KondaMstaafu: Ungenunua MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 ukatiwe hapo hapo dukani. Enzi zangu Jogoo Road gari letu lilikuwa na woofa nne chini ya kiti cha nyuma. Abiria wa kiti hicho walishuka wakijipapasa kama bado wana figo. Leo mke wangu huniita mara tatu ndipo nigeuke.

MamaTausi: Na majirani wa ploti umewauliza? Tunaolala chini ya watu kama wewe hatulali.

Msasa240: Macho ya samaki hayaji bure, mbao ina nta au silikoni. Mahogani mpya ya Gikomba haina hayo. Umeitoa wapi?

Spika_Umoja: Ni mbao ya zamani kidogo, si neno. Nipe dawa tu.

Msasa240: Ni neno. Umeitoa wapi?

Spika_Umoja: Kabati la nguo. Milango tu! Bawaba zilikuwa zimelegea, na mama watoto mwenyewe alishasema linajaza chumba.

MamaTausi: Kabati la nani?

Spika_Umoja: Alipewa na marehemu babake tulipooana. Yuko ushago, Murang'a. Anarudi Jumamosi.

MamaTausi: Woi.

Mzee_wa_Kanisa: Kijana, kitu cha mkwe hakiguswi. Tafuta mbuzi mapema.

MtuWaHesabu: Ngojeni. Boksi mbili za vipimo hivyo zinakula karibu mita mraba 2.8 za mbao. Milango miwili ya futi 6 kwa futi 1 na nusu haifiki 1.7. Hakuna kabati hapa, huyu anatutungia hadithi.

KondaMstaafu: Nilijua! Hata mkwe ni wa kubuni.

Mzee_wa_Kanisa: Basi mbuzi nairudisha.

Spika_Umoja: Situngi. Milango, na mbavu, na rafu. Migongo ya boksi ni ile hadibodi ya nyuma ya kabati.

Msasa240: Hapo ndipo besi yako ilipopotelea. Hadibodi ya milimita 3 inacheza kama ngozi ya ngoma. Toa, weka plaiwudi ya 18, paka gundi pande zote. Ukipiga muziki, pitisha kiganja kwenye maungio. Ukisikia upepo, kuna ufa. Halafu gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za kila spika, chanya kwa chanya: koni zote mbili zitoke nje. Moja ikirudi ndani, umegeuza waya, na spika zinauana besi.
Vanishi kwangua yote. Osha kwa waiti spiriti, kitambaa kipya kila mara, maana kile cha kwanza kinasambaza silikoni tu. Paka shelaki ya kuziba kilichobaki kwenye mbao, ndipo vanishi. Mkeo alikuwa analing'arisha kabati na nini?

Spika_Umoja: Polishi ya kupuliza. Kila Jumapili jioni, miaka tisa, na fulana yangu kuukuu.

MamaTausi: Miaka tisa! Na nguo zake ziko wapi sasa?

Spika_Umoja: Kwenye gunia, chini ya kitanda. Lakini nimezikunja vizuri.

MtuWaHesabu: Naondoa shaka yangu. Gunia halibuniwi.

Spika_Umoja: Amepiga simu sasa hivi. Hangoji Jumamosi. Gari limefika Kenol.

KondaMstaafu: Kenol hadi mjini ni saa moja, na msongamano wa Githurai ukikuhurumia ni mbili. Msasa, hiyo shelaki inakauka kwa dakika ngapi?