Nina 2,300,000: kuku wa nyama, uwakala au mpunga wa Usangu?

Mama wa wawili, Uyole

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nilikuwa mpishi kwenye mgahawa huku Uyole, Mbeya, mpaka mwezi wa pili. Tumegawana kikoba, nimeshika 2,300,000. Si mkopo, ni akiba ya miaka 4, ndiyo maana naogopa kuigusa.

Nawaza mambo matatu. Kuku wa nyama, vifaranga 200, nianze mwezi huu wa tano. Au uwakala wa pesa za simu. Au nishuke Igurusi, huko Usangu, ninunue mpunga wakati wa mavuno, niuweke stoo mpaka mwezi wa kwanza. Nalea watoto peke yangu, kodi ya chumba ni kila miezi mitatu. Naombeni ushauri wa mtu aliyefanya, si wa kusikia.

Wakala Mwanjelwa

Dada, uwakala unataka mifuko miwili: pesa taslimu na salio la kwenye simu. Mteja akija kutoa na taslimu imeisha, anavuka barabara kwa jirani na harudi. Kamisheni unaiona mwisho wa mwezi, na miamala midogo inaleta senti. Kwa mtaji wako utabanwa. Mimi nimedumu kwa sababu nauza na vocha, soda na unga hapohapo.

Mfugaji, Mafinga

Mdogo wangu, mwezi wa tano usiingize vifaranga. Baridi ya Juni na Julai unaijua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hivi usiku kucha, na huko kwenu usiku zinashuka chini ya 10. Mwaka juzi nililala saa nane, mkaa ukazima, asubuhi nikakuta 61 wamelaliana kwenye kona, wamekufa. Nililia kama nimefiwa.

Halafu kuku wa nyama hasubiri. Wiki ya sita ikipita na mnunuzi hajaja, anakula faida yako kila siku. Nilihesabu: mfuko wa kilo 50 wa chakula unakuza kuku 15 au 16 tu. Tafuta wanunuzi kwanza, wenye chipsi na wenye sherehe, ndipo uagize vifaranga. Anza na 100, mwezi wa tisa.

Mpunga ni mzuri, nami nauweka. Ununue uliokauka sawasawa, uupange juu ya mbao usiguse sakafu, usikoboe mpaka siku ya kuuza. Gunia la kilo 100 likikobolewa linatoa mchele kilo 60 na kidogo. Ila hiyo ni pesa iliyolala. Kuna mwaka bei haikupanda kabisa, nikauza kwa ileile niliyonunulia. Mwenye watoto wa kulisha asiweke zote humo.

Sasa nikuulize: wewe ni mpishi, mbona mapishi hukuyataja? Uyole ndipo njia ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ya Dar. Saa kumi na moja alfajiri bodaboda na makondakta wamejikunyata pale. Supu na chapati za moto hazikosi mtu.

Mama wa wawili, Uyole

Dada wa Mafinga, umenigusa. Sikuyataja kwa sababu nilikopikia niliondoka bila mshahara wa miezi miwili, na tangu hapo nikiona sufuria kubwa roho inauma. Lakini kwa kweli wateja walikuwa wanauliza kwanza kama mimi ndiye niliyepika.

Nimekaa na daftari jioni hii. Majiko mawili, sufuria, meza, mabenchi na kodi ya kibanda: 600,000. Laki tatu za kuzungusha. Mpunga gunia 8 tu. Zinazobaki nazifungia, za dharura na za vifaranga 100 mwezi wa tisa Mungu akipenda. Na hao kuku najua pa kuwapeleka, kwenye supu yangu mwenyewe.

Kesho alfajiri nashuka kuhesabu bodaboda wangapi wanasimama pale.