Viti vinaonyesha hasara kila mwezi: tuviache? Na hii oda ya bei ya chini tuikubali?

LejaMkononi
Wakuu, naomba msaada wa uamuzi, si wa kufunga hesabu za mwaka. Karakana inatengeneza samani za chuma za aina tatu. Naweka tarakimu tupu, sarafu haijalishi. Kwa mwezi:

Meza 200, bei 300, gharama zinazobadilika 180 kwa moja.
Kabati 100, bei 500, zinazobadilika 320.
Viti 400, bei 80, zinazobadilika 56 (vifaa 40, ufundi 12, kamisheni ya muuzaji 4).

Gharama za kudumu ni 42,000: pango, ofisi, bima, uchakavu, na mashine ya kupinda mabomba tunayoikodi. Tunazigawa kwa saa za mafundi: meza saa 3, kabati 5, kiti 1. Jumla saa 1,500, yaani 28 kwa saa. Kwa mgawo huo meza zina faida 7,200, kabati 4,000, viti hasara 1,600. Bosi anataka viti viondolewe.

Wakati huohuo kuna mteja mpya anataka viti 150, mara moja tu, kwa 66. Kwake hakuna kamisheni, ila anataka kifungashio cha 2 kwa kila kiti, na muhuri wa kupigia nembo yake utatugharimu 600. Gharama kamili ya kiti kwenye vitabu ni 84. Mafundi wana saa 1,650 kwa mwezi, kwa hiyo saa 150 ziko wazi. Meza na kabati tunatengeneza kadiri zinavyotakiwa, hakuna oda inayosubiri.

MchangoKwanza
Msiviondoe viti kwa sababu ya hiyo 1,600. Hasara hiyo imetokana na mgawo.

Kila kiti kinaacha mchango wa 24 (bei 80 toa zinazobadilika 56). Mara 400 ni 9,600 kwa mwezi. Viti vikiondoka, mchango huo unaondoka wote. Sasa jiulize: katika ile 11,200 mliyovibebesha, ni kiasi gani kitakoma kulipwa? Pango litabaki, bima itabaki, ofisi itabaki. Mashine ya kupinda mabomba ni shilingi ngapi, na inatumika kwa viti peke yake?

LejaMkononi
2,500 kwa mwezi, viti peke yake. Mkataba unavunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja.

MchangoKwanza
Basi mnaokoa 2,500 na kupoteza 9,600. Faida ya karakana nzima inashuka kutoka 9,600 (7,200 na 4,000 toa 1,600) hadi 2,500.

Tena angalia kitakachotokea kwenye ripoti. Gharama za kudumu zitabaki 39,500 na saa 1,100, yaani karibu 35.9 kwa saa. Kabati zitabebeshwa 17,955 dhidi ya mchango wa 18,000, zibaki na faida ya 45. Mwezi utakaofuata kabati ndizo zitakazoonekana mzigo, ilhali hakuna kilichobadilika kwenye kabati zenyewe. Hivyo ndivyo karakana inavyojimaliza bidhaa moja baada ya nyingine.

Oda nayo ni hesabu ileile. Gharama ya kiti hapo ni 56 toa 4 jumlisha 2, yaani 54. Kwa bei ya 66 mchango ni 12, mara 150 ni 1,800, toa 600 ya muhuri: 1,200. Ile 84 haina kazi hapa, kwa sababu 28 yake italipwa oda ije isije. Mimi ningekubali.

SaaMashine
Kuhusu viti naafiki. Kuhusu oda, subirini kwanza. Saa za mafundi kuwa wazi si ushahidi kwamba nafasi ipo. Je, kuna mashine moja ambayo bidhaa zote zinapitia? Kila moja inakaa hapo muda gani? Na mafundi wanalipwa kwa kipande au kwa mwezi? Hilo la mwisho linaweza kugeuza jibu lote.

LejaMkononi
Mashine ya kukata. Meza saa 0.6, kabati 1.2, kiti 0.15. Ukitoa muda wa matengenezo inafanya saa 310 kwa mwezi, na sasa tunatumia 300. Mafundi ni mshahara wa mwezi.

SaaMashine
Basi kizuizi ni mashine ya kukata. Oda inahitaji saa 22.5 na mnazo 10. Saa 12.5 zitatoka kwenye bidhaa nyingine.

Itoke ipi? Gawanya mchango kwa saa ya kukata: meza 120 kwa 0.6 ni 200, kiti 24 kwa 0.15 ni 160, kabati 180 kwa 1.2 ni 150. Viti mnavyotaka kuviua vinalipa zaidi kwa saa ya mashine kuliko kabati. Kwa hiyo zinazopisha ni kabati, na saa 12.5 ni kabati 11. Mchango unaopotea ni 1,980. Oda inaleta 1,200. Kwa hesabu hiyo ungeikataa.

Lakini umesema mshahara ni wa mwezi. Basi ile 12 ya ufundi si gharama ya oda hii, kwani italipwa hata fundi akikaa bure. Iondoe pande zote mbili, usiiondoe upande mmoja tu, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Gharama ya kiti cha oda inakuwa 42, mchango 24, mara 150 ni 3,600, toa 600: 3,000. Kabati nayo ina saa 5 za ufundi, yaani 60, kwa hiyo mchango wake halisi kwa sasa ni 240, na 11 ni 2,640. Oda inashinda kwa 360.

360 ni nyembamba sana. Vifaa vikipanda kwa 3 kwa kiti imeisha. Kabla ya kugusa kabati, mwombe mteja apokee kwa awamu: saa 10 zilizo wazi zinakata viti 66 kwa mwezi, kwa hiyo 66, 66, halafu 18. Hapo hamupotezi kabati hata moja na mnabaki na 3,000 nzima. Akikataa, pigia hesabu ovataimu ya saa 12.5 kwenye mashine ya kukata pekee. Ikigharimu chini ya 2,640 (posho ya fundi wa mashine, umeme wa ziada), ni nafuu kuliko kuacha kabati. Ila hapo saa 150 za mafundi zinaisha zote, kwa hiyo kosa lolote la kazi litazaa ovataimu nyingine.

StooNaLeja
Naongeza la vifaa, kwa sababu hesabu zote hapo juu zimesimama juu ya ile 40.

40 hiyo ni bei gani? Kama ni bei ya mabomba yaliyoko stoo tangu zamani, si sahihi kwa oda. Mabomba mnayatumia kila siku, hivyo yakitumika lazima mnunue mengine: weka bei ya leo ya kununua. Kinyume chake, kama kuna chuma kilichobaki ambacho hakina kazi nyingine, gharama yake kwenye uamuzi huu ni kile ambacho mngepata mkikiuza kama chakavu, hata kama mlikinunua ghali. Halafu ongezeni upotevu: kama kati ya vipande 100 vinavyokatwa 4 vinatupwa, gawanya gharama ya vifaa kwa 0.96.

Umeme je? Kama wote mmeuweka kwenye za kudumu, sehemu ya mashine ya kukata inabadilika. Chukua ankara na saa za mashine za miezi 12, zipange kwenye grafu, uchore mstari uone umeme unapanda kiasi gani kwa kila saa ya mashine. Msichukue mwezi wa juu kabisa na wa chini kabisa peke yake, maana mwezi mmoja wenye hitilafu utapindisha mstari wote.

Na hii 12 ya ufundi: kwa oda ya mwezi huu haihesabiki. Kwa swali la kuacha viti kwa mwaka mzima inarudi, kwa sababu kwa muda huo mnaweza kupunguza mafundi. Ukiviacha viti na mafundi wakabaki wote, hasara ni ya mchango wa 36 kwa kiti, yaani 14,400 kwa mwezi.

LejaMkononi
Nimewaelewa. Bosi anasoma ripoti ya mgawo tu. Nimpelekee nini?

MchangoKwanza
Ukurasa mmoja, safu tatu. Kila bidhaa: mauzo, toa zinazobadilika, upate mchango, toa gharama za kudumu zinazokoma bidhaa ikikoma. Viti: 32,000, toa 22,400, ni 9,600, toa 2,500 ya mashine, ni 7,100. Meza 24,000, kabati 18,000. Jumla 49,100. Chini kabisa, mstari mmoja usiogawanywa kwa yeyote: 39,500. Inabaki 9,600, ileile ya ripoti yake, kwa hiyo hatakuwa na sababu ya kusema umebadilisha hesabu.