Lenzi ndogo ya kimiminika: nitumie utando wa silikoni au umeme?

Mwanafunzi wa Nuru
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninatengeneza lenzi ya kimiminika yenye kipenyo cha milimita 2 kwa ajili ya hadubini ndogo, na ninataka umbali wake wa fokasi ubadilike bila lenzi yenyewe kusogezwa. Nimeziba kitundu kwa utando wa silikoni aina ya PDMS, kisha nikasukuma maji chini yake kwa bomba la sindano la mililita 1. Kila mara utando huvimba ghafla kupita kiasi, na baada ya siku mbili hivi viputo hujitokeza ndani ya maji. Maabara yetu haina mashine ya plazma ya kuunganishia silikoni. Tuna oveni, pampu ya ombwe na mizani nzuri. Je, niendelee na utando, au nihamie kwenye lenzi zinazoendeshwa kwa umeme?

Fundi Lenzi
Ndugu, usiuache utando, kwa sababu kosa liko kwenye bomba la sindano. Utando wako ukiinuka milimita 0.1 katikati, fokasi ya maji huwa umbali wa milimita 15 hivi. Ukiinuka milimita 0.2, umbali huo hupungua hadi karibu milimita 8. Tofauti ya ujazo kati ya hali hizo mbili ni kama maikrolita 0.16, ilhali mstari mmoja wa bomba lako ni maikrolita 10. Kwa hiyo dhibiti shinikizo badala ya ujazo: unganisha lenzi kwa mrija na chombo kidogo cha kimiminika hicho, kisha kipandishe na kukishusha chombo hicho kwenye stendi. Kwa utando wa unene wa maikromita 50, kimo cha sentimita chache hadi makumi kadhaa kitatosha.

Viputo vinatokana na silikoni kupitisha mvuke: maji hupungua polepole na hewa huchukua nafasi yake. Tumia gliserini ya duka la dawa, ambayo haikauki, haivimbishi silikoni kama mafuta ya silikoni yanavyofanya, na hupinda nuru zaidi kuliko maji. Funika chombo, ukiacha tundu dogo la hewa, kwani gliserini hunyonya unyevu.

Kuhusu kuunganisha utando na kitako chake bila plazma, changanya tabaka moja kwa uwiano wa 5 kwa 1 wa silikoni na kigandishi, na jingine kwa 20 kwa 1. Yagandishe nusu, yabandike, kisha uyarudishe kwenye oveni. Ninalolisisitiza kuliko yote ni ukingo wa kitundu. Ukitoboa kwa keekee, ukingo hubaki na mikwaruzo, utando hauvimbi kwa duara kamili, na nukta ya nuru huonekana kama mstari. Mimi humimina silikoni kuzunguka roli nyembamba ya beringi, ambayo imeng'arishwa tangu kiwandani.

Msomi wa Vimiminika
Naafikiana na Fundi. Kuhusu lenzi za umeme, mwanafizikia Gabriel Lippmann alieleza mwaka 1875 jinsi umeme unavyobadilisha mvutano wa uso wa zebaki, lakini maji yakigusa elektrodi moja kwa moja huvunjika kuwa gesi kwa volti chache tu. Bruno Berge wa Ufaransa alilitatua hilo mwaka 1993 kwa kuweka tabaka jembamba la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kati ya elektrodi na maji. Tabaka hilo ndilo kikwazo chako: kwa kawaida ni parileni, aina ya plastiki inayowekwa kwa mvuke ndani ya ombwe, kisha hupakwa fluoropolima, plastiki inayofukuza maji. Tundu moja lisiloonekana kwa macho huharibu lenzi nzima. Aidha, lenzi hizo huundwa na mpaka kati ya mafuta na maji ya chumvi, na viwili hivyo lazima viwe na msongamano sawa, la sivyo lenzi hupotoka inapoinamishwa.

Mwanafunzi wa Nuru
Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Je, uzito wa gliserini hautaupotosha utando wangu?

Fundi Lenzi
Lenzi ikisimama wima, shinikizo la chini litazidi la juu kwa takriban paskali 25, na hilo litaonekana kwenye picha kwa sababu utando unaoinuka milimita 0.1 unabeba paskali 500 hivi tu. Ilaze, hadubini inayotazama chini haihitaji zaidi ya hapo.