Naombeni ushauri: nauziwa riyali "ya majaribio" ya Sayyid Barghash kwa dola 1,800

Mkunazini77

Assalaam alaikum, wakubwa kwa wadogo.

Marehemu babu aliniachia kijikopo cha pesa za Sayyid Barghash, zile za shaba zenye mizani, mwaka 1299 Hijria. Tangu hapo sarafu za Zanzibar zimeniingia moyoni. Nimeshapata na senti moja ya 1908 ya Sayyid Ali bin Hamud, ile yenye mnazi. Sasa natamani kupanda daraja.

Kuna muuzaji wa nje tumejuana mtandaoni. Anayo riyali ya 1299, ila si ya fedha, ni ya shaba. Anasema ni sarafu ya majaribio, kiwanda kilipiga chache kumwonyesha Sultani kabla ya kupiga za fedha. Anataka dola 1,800, nimtumie taslimu kwa wakala wa kutuma pesa. Cheti hana. Picha ni mbili, mbele na nyuma, basi. Na anasema kuna mtu Dubai anaisubiri, nimjibu kabla ya Ijumaa.

Pesa hiyo ninayo, ndiyo niliyoiweka ya kuezekea nyumba Fuoni. Mke wangu anajua, kaniambia niulize kwanza wenye kujua. Bei ni ya haki? Nitaijuaje kuwa ya kweli? Na baada ya bei, kuna gharama gani nyengine?

Mzee wa Malindi

Waalaikum salaam mwanangu. Mkeo ana akili, msikilize.

Sarafu ya majaribio ni ile inayopigwa kabla umbo, uzito au madini hayajakubaliwa. Huenda ikakubaliwa, huenda ikakataliwa. Wafaransa huziandika ESSAI, Wajerumani PROBE, Waitaliano PROVA, lakini nyingi hazina alama yoyote. Wamarekani walipiga dola nne za dhahabu mwaka 1879 na 1880, wakaziita Stella, hazikuingia sokoni kamwe. Walijaribu pia senti ya aluminiamu iliyoandikwa mwaka 1974, wakapiga zaidi ya milioni moja na nusu, kisha karibu zote zikaharibiwa. Moja ilipojitokeza ikaishia mahakamani, kwa sababu serikali ilisema bado ni mali yake. Hilo lenyewe ni tatizo la sarafu hizi: unaweza kulipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakikupaswa kutoka kiwandani.

Bei zake hazina dari. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alijiuzulu Disemba 1936 kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwao. Zilikuwa tayari kwa mwaka 1937, na mwenyewe alishikilia atazame kushoto ingawa desturi ilitaka ageuzwe upande wa pili. Pauni moja ya dhahabu katika hizo iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Ndiyo maana walaghai wanalipenda jina "majaribio". Ukisikia moja imeuzwa milioni, dola 1,800 unaiona sadaka.

Sikiliza hapa. Sarafu ya kawaida ukiitilia shaka unafungua katalogi, unalinganisha uzito, kipenyo na madini. Ya majaribio inakuvunjia kipimo hicho, kwa sababu kila tofauti muuzaji atakwambia "ndiyo maana ni ya majaribio". Imepungua uzito? Majaribio. Shaba badala ya fedha? Majaribio. Kinachobaki kuithibitisha ni asili yake: ilitoka kwa nani, ikauzwa mnada gani, mwaka gani, picha ya mnada huo iko wapi. Unachonunua hasa ni hiyo historia. Huyu wako hana hata karatasi moja, kwa hiyo anakuuzia kipande cha shaba na maneno.

Sonara Darajani

Naongeza ya mkononi. Mwambie akupe uzito kwa gramu hadi desimali mbili, kipenyo, na picha ya ukingo. Ukingo ndio unaosema. Sarafu iliyopigwa kwa mashine ukingo wake ni mkali na safi. Iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi utaona mstari mwembamba unaozunguka pale nusu mbili zilipokutana, au mahali palipopigwa tupa kuuficha. Angalia na ndani ya herufi kwa lenzi: ukiona vitundu kama vya mkate wa kumimina, hiyo imemiminwa.

Sisi hapa tuna bahati, wengi tumepita chuoni na Kiarabu tunakisoma. Soma jina herufi kwa herufi, linganisha na pesa za babu yako. Anayeghushi bila ya kujua kusoma hukosea nukta, au huunganisha herufi isiyounganishwa.

Ikifika mkononi, ipime hewani, kisha itundike kwa uzi ndani ya gilasi ya maji iliyokaa juu ya mizani, isiguse chini. Gawa uzito wa hewani kwa gramu zilizoongezeka kwenye mizani. Shaba safi inakupa karibu 8.96, fedha inapita 10. Lakini shaba ya jana na shaba ya 1299 zinatoa jawabu moja. Kipimo hiki kinakataa ya uongo, hakithibitishi ya kweli.

Bi Shamba

Nafanya kazi za kutoa mizigo, kwa hiyo mimi nasema gharama tu. Ukinunua mnadani, nyundo ikigonga dola 1,500, juu yake kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Hapo umeshafika 1,800 na sarafu bado iko kwao. Ongeza usafiri na bima. Ukitaka ithibitishwe na PCGS au NGC, makampuni ya kukagua sarafu na kuzipa cheti, unalipa ada yao na usafiri wa kwenda na kurudi. Halafu inakuja kwetu. Muulize wakala wa forodha kabla ya kununua, si baada. Vitu vya makusanyo ya sarafu vina kifungu chao cha ushuru, 9705. Mzigo ukiandikwa ovyo "mapambo" au "zawadi" utakaa bandarini ukibishana na maofisa. Na usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo ili akupunguzie kodi: ukipotea, bima italipa hiyo hiyo ya uongo.

Kijana wa Wete

Mimi naona mnamtisha. Asiyethubutu hapati. Mbona huku Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili? Vitu vipo! Na huku mtu ukiuliza uliza unaletewa za zamani kwa bei ya kahawa.

Mzee wa Malindi

Mwanangu wa Wete, za Mtambwe zilifukuliwa na wataalamu, na thamani yake ni kwamba zilipatikana pamoja na zikaandikwa zilivyokaa. Ukiletewa iliyotoka ardhini usiinunue. Pelekeni habari Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Kila moja inayouzwa gizani ni ukurasa wa historia yetu unaochanwa.

Mkunazini, kama Edward VIII anakuvutia, tafuta senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye tundu na jina lake. Hiyo ilitumika kweli huku kwetu, na bei yake ni ndogo. Kisha tafuta senti 10 na senti 20 za 1908. Hizo ni adimu kuliko ile moja uliyonayo, na zina katalogi ya kukulinda.

Mkunazini77

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimemwandikia jana usiku: uzito, kipenyo, picha ya ukingo, na jina la mnada ilikopita. Nikamwambia nitalipa kwa njia inayoniruhusu kudai pesa yangu ikiwa kuna udanganyifu. Amejibu asubuhi kwamba yule wa Dubai keshalipa.

Bati naagiza wiki hii. Sonara, nitapita dukani na pesa za babu uzitazame ukingo. Na mwenye senti 20 ya 1908 yenye asili inayojulikana, anitafute inbox.